Uji Mweupe na Jina la Marehemu

Mimi ni Mhaya, na Wahaya tunasemwa kwamba tunajisikia. Sawa, tunajisikia. Nilipopangiwa kufundisha biolojia Mwanza nilifika Nyakato na sanduku la vitabu zito kuliko la nguo, na nilihakikisha kila mpangaji wa ua ule amelijua hilo kabla jua halijazama. Lakini chumba nilichopewa kilikuwa cha mwisho kabisa, jirani na choo, na nilikipata kwa sababu wote waliokitazama kabla yangu walikikimbia. Aliyekuwa akikaa humo alikuwa mvuvi wa Kijita, kapera, ambaye alizama ziwani na mtumbwi wake. Mwenye nyumba alikuwa amekipaka chokaa upya, ila ukutani palibaki msumari ambao marehemu alitundikia koti lake la mvua. Nikatundika kanga yangu hapohapo. Mizimu haimo kwenye mtaala wa biolojia.

Hizo zilikuwa siku za ruksa. Biashara imefunguliwa, mitumba imejaa, kila kibanda kina redio ya kaseti inayopiga kelele kushindana na ya kibanda cha pili. Sangara, ambaye zamani watu wa ziwa walimwonea kinyaa kwa mafuta yake, sasa alifuatwa na malori ya barafu kama bwana harusi. Viwanda vilimchuna minofu, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tulibakiwa na kichwa, uti wa mgongo na mkia. Ndiyo mapanki hayo. Yalikaangwa barabarani kwenye makarai makubwa, harufu yake ikaingia hadi kwenye madaftari ya wanafunzi wangu.

Mlango uliotazamana na wangu walikaa mume na mke vijana, Wasukuma wa Sengerema, na binti yao aliyekuwa bado ananyonya. Mume alifanya kazi kiwandani, kukata minofu. Mke alikuwa mpole, anacheka huku amefunika mdomo kwa kiganja, na mimi nikampenda kwa sababu alinivumilia. Sifa yao pale uani ilikuwa moja. Walikula sahani moja. Wanaume wengine walikula barazani na wenzao, wake zao wakala jikoni na watoto, lakini huyu akirudi kazini alitandika mkeka, akaweka sahani katikati, akaita, "Njoo tule." Wanawake walimcheka mpaka machozi.

"Kalishwa limbwata huyo!"

"Mwacheni," alijibu mume. "Wivu utawaua."

Alikuwa na fahari yule kijana, na fahari yake ilionekana zaidi mezani. Mapanki hayakuingia nyumbani kwake. "Nishike minofu kutwa nzima," alikuwa akisema, "halafu jioni nile mifupa? Mimi mbwa?" Dagaa nao hakuwataka, kwa sababu kwao dagaa walipewa kuku. Siku ya mshahara alinunua nyama, siku nyingine walikula mchicha na maharage, na mtoto akawekewa vyake, vitu laini, vyeupe, safi.

Mtoto alipokuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, mama yake akapata jipu la ziwa. Likapasuliwa zahanati, maziwa yakakauka, na wakubwa wakamwambia asimrudishe mtoto kwenye ziwa lililoumwa. Kuanzia hapo mtoto akaishi kwa uji wa muhogo, ule unga wa udaga, mweupe kama chokaa ya chumba changu. Baba yake alinunua sukari kwa mkono wake ili uji uwe mtamu. Nilimwona akiukoroga mwenyewe siku za Jumapili, anaupuliza, anaonja, anamlisha. Mtoto yule alipendwa. Hilo nataka lieleweke kabla sijasema mengine.

Kisha mashavu yakajaa. Tukafurahi wote. "Mtoto kanawiri!" tulisema, na mimi mwenye shahada yangu nikamfinya shavu kama wengine. Lakini nywele zake zikaanza kuwa nyekundunyekundu, nyepesi, zinang'oka kwenye kitana. Ngozi ya miguu ikabanduka. Akawa anakaa pale alipowekwa, hafuati kuku, halii hata akinyang'anywa kikombe. Siku moja nilichuchumaa mbele yake, nikambonyeza mguu kwa kidole gumba. Nilipoondoa kidole, shimo likabaki.

"Hii ni kwashakoo," nikamwambia mama yake. "Huku si kunenepa, ni kuvimba. Mbebe sasa hivi twende hospitali."

Alikwishamfunga mgongoni. Lakini mama mkwe wake alikuwa amevuka na kivuko jana yake kuja kumwona mjukuu, pamoja na shangazi wa mume na mwanamke mmoja mganga, na hao walikuwa na neno lao. Walisema mtoto amebemendwa.

Msomaji asiyejua neno hili ana bahati. Mtoto anayenyonya, au aliyeachishwa juzi tu, akianza kudhoofika, watu husema mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa na kurudi na uchafu uliomdhuru. Na "mmoja wa wazazi" ni maneno tu. Anayeulizwa ni mama. Dawa ipo, lakini haifanyi kazi mpaka mama amtaje mwanaume aliyekuwa naye, mbele ya wanawake wakubwa, mlango umefungwa. Asipotaja, dawa ni maji. Na mtoto wa namna hiyo asipelekwe kwenye sindano kabla ya kutaja, maana sindano itammaliza.

Nilipandwa na hasira nikasahau shikamoo. Nilimfuata mama mkwe pale alipokaa kwenye kigoda, mwanamke mrefu, mkavu, asiyepoteza maneno, nikamwambia kwamba mtoto anakufa kwa kukosa chakula cha kujenga mwili na wao wanatafuta mwanaume.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Mwalimu," akasema, "umezaa?"

"Sijazaa."

"Haya."

Basi, ndiyo hivyo tu. Haya! Neno dogo vile lilinichoma kwa miaka. Nikaenda kwa mume, nikamkuta amesimama karibu na pipa la maji, macho mekundu. Nikamwambia ampakie mtoto kwenye gari lolote tuondoke. Akasema, "Mwalimu, wakisema sindano itamuua, na ikamuua kweli, nitaishi vipi?" 

Mchana wake mkewe akaja chumbani kwangu. Mtoto alikuwa mgongoni, kichwa kimelala upande mmoja, kimya.

"Nitataja," akasema.

"Utamtaja nani, nawe huna mtu?"

Akaunyooshea kidole msumari wangu, pale kanga iliponing'inia. "Mwenye chumba hiki."

Sikuelewa mara moja.

"Hana mke atakayekuja kunivua nguo barabarani," akasema taratibu. Alikuwa amekwishalifikiri. "Hana mtoto wa kuchekwa shuleni. Na hawezi kupigwa. Nikimtaja aliye hai, mwalimu, watamuua mtu bure."

"Mawe!" nikapiga kelele kwa Kihaya, yaani mama yangu! "Utajipaka uchafu usio wako? Ukishalisema hilo halifutiki, mama! Mumeo ataamini!"

"Najua ataamini." Hapo ndipo alipolia, bila sauti, akijitikisa kidogo kama anambembeleza mtoto. "Lakini wataniruhusu niende hospitali. Yeye akipona, mimi waniite watakavyo."

Kisha akaniapisha. Nisiseme kamwe, kwa yeyote, kwamba alidanganya. Ndani ya moyo wake alikuwa nusu anaamini kile alichokuwa anakwenda kukifanya: aliogopa akiyakana maneno yake, dawa itageuka na mtoto atakufa. Nikamwambia hakuna kitabu duniani kinachosema hivyo. Akaniuliza kama kitabu changu ndicho kitakachokaa na mtoto huyu akiwa kaburini. Nikaapa. Niliapa kwa hasira, lakini niliapa, na Mhaya akiapa ameapa.

Walifunga mlango. Mimi nilikaa kizingitini kwangu nasahihisha madaftari, nikiwapa vijana wa watu makosa ambayo hawakuyafanya. Mume alisimama palepale kwenye pipa. Kwa desturi yao jina haliendi kwa mume, lisije likazaa damu. Yeye huambiwa tu kwamba limetajwa.

Mama mkwe akatoka wa kwanza. Uso wake ulikuwa vilevile, mkavu. Akamwendea mwanawe.

"Ametaja," akasema. "Jina nimelizika hapa," akajigusa kifuani. "Usiniulize, na usimwulize. Ukimfukuza, na kwangu usikanyage. Mtoto aende hospitali sasa hivi."

Shangazi alitoka nyuma yake akilalamika kwamba dawa haijafungwa hata kiunoni, kwamba lazima zipite siku zake kwanza. Bibi hakugeuka. "Nimesema sasa hivi," akarudia, akachukua kanga yake mwenyewe akamfunika mtoto miguu ile iliyobanduka. Nilimchukia sana siku hiyo. Nilijisemea: ameshampata mkwewe pabaya, sasa anajifanya mwema.

Hospitali walimpokea bila maswali. Nesi wa wodi ya watoto, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, alikoroga maziwa ya unga na sukari na mafuta kidogo, akampa mtoto kijiko baada ya kijiko, halafu akaacha. Baadaye tena, kidogo, akaacha. Mume hakuvumilia. Siku ya pili alikuja na kipande cha sangara cha kukaanga, mnofu mtupu, mweupe, sijui aliupataje na pale getini kwao walikuwa wanapekuliwa mpaka kwenye mabuti. Alikuwa amekwishaambiwa kwamba mtoto amekosa chakula cha kujenga mwili, basi kaleta jengo zima.

"Weka chini hicho!" nesi akamfokea. "Unataka kumuua? Mwili huu umefunga duka. Ukiuamsha kwa kishindo, moyo utashindwa."

"Sasa atakula lini?"

"Polepole. Akianza kuomba chakula mwenyewe, mtamletea uji wenye dagaa waliosagwa. Dagaa, umesikia? Si lazima sangara. Dagaa tu."

Chakula cha kuku! Nilimtazama yule kijana na ule mnofu wake kwenye karatasi, nikakosa hata hamu ya kumtania. Alikuwa amesimama mbele ya kitanda cha mwanawe akiwa amebeba kile alichokuwa akikishika kutwa nzima kwa ajili ya meza za watu wengine, na akaambiwa kwamba mtoto wake aliponzwa na kukosa kile alichokidharau. Akakaa sakafuni, akaweka kichwa kwenye chuma cha kitanda. Mama yake akamwekea mkono mgongoni.

Nesi alituambia tusitazame uvimbe, tutazame uso. Mtoto wa kwashakoo hacheki. Siku akicheka, mjue amerudi. Tulikaa tukiutazama ule uso mdogo kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Uvimbe uliposhuka alionekana mifupa mitupu, na hapo tuliogopa zaidi. Kisha asubuhi moja bibi alikuwa amempakata, kuku wa mpishi akakatiza wodini, nesi akamfukuza kwa ufagio akiteleza na ndara zake, na mtoto akacheka. Sauti kavu, fupi. Mama yake alipiga kigelegele kimoja akakikata katikati kwa aibu. Bibi akainamisha uso kwenye nywele za mtoto.

Tukarudi Nyakato. Mtoto akanona kweli safari hii, akafuata kuku, akavunja vikombe vyangu viwili. Baba yake alisaga dagaa mwenyewe kwenye kinu, mbele ya wote, waliotaka kucheka wacheke. Lakini jioni, alipotandika mkeka, palikuwa na sahani mbili. Yake aliibeba barazani. Ya mkewe ilibaki jikoni. Hakumpiga, hakumtukana, hakumuuliza. Alimtunza kama mtu anavyotunza nyumba ya kupanga. Majirani walidhani hatimaye amekuwa mwanaume, wakampongeza.

Mimi nilijua, na nilikuwa nimeapa. Nilikuwa nikimwona mke yule, mwenzangu, akipakua, mkono unasita juu ya sahani ya pili, nikaingia ndani na kufunga mlango.

Baadaye kiwanda kikapunguza watu, mume na mke wakahama kurudi Sengerema, wakalima, wakazaa wengine. Mimi nilirudi chuoni nikiwa mtu mzima mwenye miwani, kusomea shahada ya pili, nikifundishwa na vijana ambao ningeweza kuwachapa. Huko ndiko nilikokutana na mTOR.

Ni protini. Imo ndani ya kila seli ya mwili. Wanasayansi waliifikia kwa kufuata dawa iliyotoka kwenye udongo wa kisiwa kimoja cha mbali sana, dawa iliyozifanya seli ziache kukua. Wakajiuliza inagusa nini, wakaikuta imeishika hii. Na waliikuta katika miaka ileile ambayo sisi Nyakato tulikuwa tunamtafuta mwanaume. Mwalimu wetu alipoeleza kazi yake nilishusha kalamu. Ni msimamizi wa ujenzi, basi. Yeye hajengi, hachanganyi udongo. Anatazama. Matofali yapo? Yaani zile amino asidi zinazotoka kwenye samaki, maharage, maziwa, mayai. Nguvu ya kufanyia kazi ipo? Insulini imeleta habari kwamba chakula kimeingia? Vyote vikiwepo anatoa amri: jengeni. Mtoto anakua, kidonda kinafunga, nywele zinaota. Matofali yakikosekana, hata kama sukari imejaa tele, anasimamisha kazi na kuruhusu vya zamani vibomolewe ili wakaao ndani wasife. Nikauona uji mweupe. Nikamwona baba mtu anaupuliza.

Sitaki kudanganya: kuhusu kwashakoo, na hasa ule uvimbe, wataalamu wenyewe bado wanabishana, na msimamizi huyu si maelezo yote. Pia si malaika. Akikaa anatoa amri bila kupumzika, wakati kila siku ni sikukuu, seli huchoka kuisikia insulini, kisukari kinapata njia. Na katika saratani nyingi yeye ndiye anayeendelea kupiga kelele "jengeni" juu ya nyumba isiyotakiwa na mtu. Kukua ni kuzuri kukiwa na mtu wa kusema sasa inatosha. Lakini nilipotoka darasani siku ile sikuwa nafikiria saratani. Nilifikiria sahani mbili.

Mwishoni mwa masomo nilivuka kwa kivuko kwenda kuwatembelea. Mwenzangu alinipokea njiani, mvi mbili tatu, bado anafunika mdomo akicheka. Binti yule, mtoto wa uji, alikuwa amekuja kutoka Buswelu alikoolewa, mrefu kama bibi yake, na mtoto mchanga kifuani. Bibi mwenyewe alikuwa kitandani barazani, ana kisukari, kidonda mguuni kimekataa kufunga, macho yamefifia. Nilimwamkia. "Marahaba, mwalimu," akasema. "Umezaa?"

"Wawili, mama."

"Haya," akasema, na safari hii alitabasamu.

Uani palikuwa na rundo la matofali ya kuchoma, mume alikuwa anajenga chumba. Tukakaa, tukanywa chai. Mtoto mchanga akakohoa kidogo, akalia, na babu yake akamtazama binti yake akasema kwa mzaha, "Uangalie, usije ukambemenda mjukuu wangu kama—" akanyamaza. Mkewe akainuka, akachukua birika ambalo halikuwa tupu, akaelekea jikoni.

Nikajisemea hapana. Leo hapana.

"Mama, rudi ukae," nikamwita. Kisha nikamgeukia mume. "Wewe, ukiishiwa matofali, fundi wako anafanya nini?"

"Anakaa."

"Ukimletea maji na mchanga lori zima?"

"Anakaa vilevile. Atajengea nini?"

Basi nikamweleza. Sijawahi kufundisha vizuri namna ile, na darasa langu lilikuwa watu wanne na mtoto mchanga. Nikamwambia habari ya msimamizi aliyemo ndani ya kila seli, na uji usio na matofali, na sukari aliyoinunua kwa upendo, na nywele nyekundu. Nikamwambia hakuna mwanaume yeyote, aliye hai wala aliyekufa, anayeweza kuingia katikati ya mambo hayo. Alisikiliza vizuri. Alikuwa mtu mwelewa siku zote. Mwishoni akatikisa kichwa.

"Nimekuelewa, mwalimu. Inawezekana si yeye aliyemponza mtoto. Labda ni mimi na uji wangu. Lakini huyo mtu alikuwepo. Mwenyewe alimtaja."

Nilifungua mdomo. Kiapo kikaufunga. Nilimtazama mwenzangu, yeye akamtazama binti yake na kile kichanga, nikaona hofu ileile ya zamani, sasa imehamia kwa mjukuu. Elimu yangu yote ilikuwa imefika mwisho wa barabara.

"Alimtaja marehemu."

Ilikuwa sauti ya bibi. Tulidhani amelala.

"Yule Mjita wa chumba cha mwisho," akaendelea, macho yake mabovu yakitazama paa. "Jina nilisema nimelizika. Leo nalifukua. Mwanangu, unakumbuka yule alizama lini? Wewe ulikwenda na wavuvi kutafuta mwili. Mimi nilikuwa Nyakato siku zile, nilikuja kwa sababu mkeo alikuwa na mimba ya huyu hapa." Akanyoosha mkono gizani mwake kuelekea alipokaa binti. "Mkeo alitaka kwenda kuaga maiti. Nikamzuia mlangoni, mjamzito hatazami maiti. Nilimshika mkono mimi mwenyewe. Sasa niambie: mtu aliyezikwa huyu yumo bado tumboni, aliinukaje akaja kumbemenda?"

 Kuku waliparua chini ya matofali.

"Nilijua palepale alipolitaja," bibi akasema. "Wenzangu walikuwa wageni, hawakujua. Ningesema ni uongo, wangemdai jina jingine, na mtoto anakwisha. Nikasema yaishe, aende hospitali."

"Ulijua, mama?" Mwenzangu alikuwa amesimama na birika mkononi. "Miaka yote hii umejua kwamba sikufanya?"

"Nimejua."

"Na ukaniacha?"

"Nilikuacha." Sauti ya yule mwanamke mkavu ilikatika. "Kwanza niliogopa dawa isije ikageuka. Kisha niliona mmenyamaza, nikaogopa kufukua. Nilimwambia tu asikufukuze, nikadhani hiyo inatosha. Haikutosha. Nisamehe, mayu."

Mayu ni mama, kwa Kisukuma. Hakuwahi kumwita hivyo. Mwenzangu aliweka birika chini, akaingia ndani, tukasikia analia kwa sauti, safari hii sauti yote, ile aliyoibana chumbani kwangu. Binti akamfuata na mtoto wake. Mume alibaki amekaa, mikono yake mikubwa ya kukata minofu imelala magotini, viganja juu. Mimi nililia pia, sioni haya kusema, na nikamshika mkono yule bibi niliyemchukia.

Jioni chakula kikaja: ugali, dagaa wa kukaanga na nyanya. Mwenzangu alimnawisha kwanza mama mkwe, kidole kwa kidole, akamkausha kwa ncha ya kanga yake. Kisha akamwekea mumewe sahani barazani kama kawaida, akageuka kuondoka.

"Njoo tule," mume akasema.

Alisimama. Akamtazama mpaka nikaogopa ugali utapoa.

"Leo utakula peke yako," akasema. "Na wewe ujue ladha yake."

Akaenda jikoni. Mume akala peke yake, polepole, hakumaliza.

Asubuhi nilitoka mapema kuwahi kivuko. Moshi ulikuwa tayari unapanda jikoni. Nilipochungulia kuaga, nikawakuta wameketi kwenye mkeka, hawasemezani, yeye amempa mumewe mgongo nusu, wanamenya viazi vya moto na kupulizia vidole. Sahani ilikuwa moja.